Mchezo wa Mmoja na Mchezo wa Wengi: Haja ya Istilahi za Michezo ya Video

Mji wa Serikali wa Mtumba, uliozinduliwa Dodoma mwezi Aprili, 2019, ni mahali ambapo Kiswahili hufanya kazi nzito kila siku. Humo ndimo zinamoandikwa nyaraka za wizara, inamotayarishwa miswada na inamofasiriwa miongozo ya kimataifa. Istilahi ikikosewa Mtumba, kosa hilo husafiri mpaka darasani, zahanati na mahakamani. Makala haya yanakusudia kueleza dhana chache za michezo ya video, hasa tofauti ya mvuto wa mchezo anaoucheza mtu peke yake na ule anaoucheza pamoja na wenzake kwa njia ya mtandao, na kupendekeza maneno yatakayoiweka tofauti hiyo wazi.

Huenda msomaji akaona kwamba mambo haya ni ya watoto, hayastahili kurasa za istilahi. Lakini mwaka 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, nalo likaanza kutumika mwaka 2022. Toleo hilo limelitambua tatizo la mtu kushindwa kujizuia katika michezo ya video kuwa ni ugonjwa wenye jina lake. Limeugawa ugonjwa huo katika namna mbili, ule unaotokea zaidi mtandaoni na ule unaotokea zaidi nje ya mtandao. Tena limeutenga na ugonjwa wa kamari. Mfasiri asiyekuwa na maneno matatu kwa mambo hayo matatu hawezi kuifasiri sehemu hiyo bila ya kuipotosha.

1. Mizigo ya neno "mchezo"

Neno "mchezo" limebebeshwa mizigo mingi. Mpira wa miguu na riadha ni michezo, na hiyo ndiyo maana iliyomo katika jina la wizara inayoshughulikia utamaduni, sanaa na michezo. Tamthilia jukwaani ni mchezo wa kuigiza. Akina mama wanaochangishana fedha na kupeana kwa zamu husema wanacheza mchezo. Kamari nayo, katika sheria ya mwaka 2003 na katika jina la Bodi inayoisimamia, huitwa michezo ya kubahatisha. Kiingereza kimezidisha utata, kwani neno lile lile linalotumika katika sheria za kamari hutumika pia kwa michezo ya video. Mfasiri mwenye haraka, akiliona neno hilo katika mwongozo wa afya, anaweza kuandika "kubahatisha" pale ambapo mwandishi hakukusudia kamari hata kidogo.

Vijana wetu wamekwisha kujitafutia neno "gemu". Katika mazungumzo halina ubaya. Hata hivyo, neno hilo hutumika pia kwa pambano la mpira, kwa hiyo haliondoi utata tunaoulalamikia. Kwa maandishi rasmi, "mchezo wa video" ndilo jina lililo wazi zaidi, kwa kuwa "video" ni neno lililokwisha kukaa katika lugha.

2. Mvuto wa mchezo wa mmoja

Katika mchezo wa aina hii mchezaji hushindana na programu. Mfano ulio mwepesi kueleweka ni Tetris, uliobuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984: maumbo hushuka mmoja mmoja, na mchezaji huyapanga yakae safu bila ya kuacha pengo. Hapana adui mwingine ila kasi yenyewe na macho ya mchezaji. Michezo mingine ya jamii hii hufuata mkondo wa ngano: yuko shujaa, ziko shida njiani, na uko mwisho unaotafutwa.

Mvuto wake mkubwa ni kwamba mchezaji ndiye mwenye wakati. Akiitwa kula, akitumwa dukani, au wakati wa sala ukifika, aghalabu anaweza kuusimamisha mchezo na kuukuta pale pale alipouacha. Anaweza kukosea mara 20 bila ya mtu kumcheka, akajifunza kwa makosa yake. Tena michezo mingi ya namna hii, ikishawekwa katika chombo, haidai kifurushi cha intaneti. Na jambo hili si dogo kwa kijana anayehesabu shilingi.

Wako wanaouita mchezo huu "mchezo wa upweke". Istilahi hiyo haifai, maana imetanguliza hukumu mbele ya maelezo. Msomaji aliyekaa na kitabu chake yu peke yake, lakini si mpweke. "Mchezo wa mmoja" hutaja idadi tu, na huuacha moyo wa mchezaji kama ulivyo.

3. Mvuto wa mchezo wa wengi

Ili kuuelewa mvuto wa aina ya pili, inafaa tuuangalie mchezo wetu wa bao. Ubao una mashimo 32 na kete 64. Kanuni zake mtu mwerevu anaweza kufundishwa katika muda mfupi, lakini kinachomrudisha barazani miaka na miaka ni yule aliyeketi mbele yake: hila zake, kimya chake, na maneno ya watazamaji waliomzunguka. Mti na kete havibadiliki, bali mtu hubadilika. Programu, hata ikiwa na hila nyingi, mchezaji mzoefu huweza kuizoea. Binadamu mwenzake hatamzoea kamwe.

Mtandao umelikuza baraza hilo. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw alianza kutunga mchezo ulioitwa MUD, ukaendelezwa na Richard Bartle. Haukuwa na picha hata moja. Ulikuwa maandishi matupu, lakini watu kadhaa waliweza kuwamo kwa wakati mmoja. Mwaka 1996 Bartle alichapisha maelezo yake akiwagawa wachezaji wa michezo ya namna hiyo katika mafungu manne: wanaotafuta mafanikio, wanaopenda kuvinjari, wanaotafuta mazungumzo na urafiki, na wanaopata raha kwa kuwasumbua na kuwashinda wengine. Tukiyapima mafungu hayo, tutaona kwamba mawili ya kwanza yanaweza kutoshelezwa na mchezo wa mmoja. Mawili ya mwisho hayawezi, kwa kuwa hapana urafiki wala ushindi juu ya mwenzako pasipo mwenzako. Hapo ndipo ilipo tofauti ya mivuto tunayoizungumza.

Lakini penye wenzako pana wajibu. Mchezo wa wengi unaochezwa kwa wakati mmoja aghalabu hauwezi kusimamishwa na mchezaji mmoja. Mama akiita, "Njoo!" na mtoto asiende, si lazima iwe ni utovu wa adabu; huenda akiondoka atawaangusha wenzake wanne waliomtegemea, na baadhi ya michezo humwadhibu anayetoroka. Mzazi aliyeielewa tofauti hii atasema, "Maliza pambano hilo, usianze jingine," na neno lake litasikika. Kifungo hicho cha wajibu ndicho utamu wa mchezo wa wengi, na ndicho hatari yake. Ndiyo sababu China, ilipoweka mpaka wa saa kwa walio chini ya miaka 18 mwezi Agosti, 2021, iliutaja mchezo wa mtandaoni. Anayetaka kuijadili sheria kama hiyo kwa Kiswahili hana budi awe na neno la kuutenga mchezo huo na mwingine.

4. Mtandao si idadi

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba "mtandaoni" maana yake ni "wengi". Katika vibanda vya mitaani vijana wawili hushika pedi mbili mbele ya televisheni moja, wakacheza mpira. Huo ni mchezo wa wengi usio na mtandao. Kwa upande mwingine, mtu anaweza kucheza sataranji dhidi ya mashine iliyo ng'ambo; huo ni mchezo wa mmoja ulio mtandaoni. Kwa hiyo maswali ni mawili, ya idadi na ya njia, na kila moja lahitaji jibu lake.

Njia nayo ina shida yake. Nuru husafiri ndani ya nyuzi za kioo kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde. Kama seva iko Johannesburg, umbali wa zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Dodoma kwa mstari ulionyooka, habari haiwezi kwenda na kurudi chini ya sehemu 20 za elfu za sekunde, na kwa kuwa nyaya hazinyooki, muda halisi huwa mrefu zaidi. Katika mchezo wa kasi, anayecheza karibu na seva hupata nafuu. Hali hiyo tunapendekeza iitwe "ukawiaji". Isichanganywe na "kukwama", kwani kilichokwama kimesimama, na kilichokawia kinakuja.

5. Mahali pa kubahatisha

Baadhi ya michezo ya video huuza makasha yaliyofungwa: mchezaji hulipa fedha bila ya kujua atapata nini. Mwaka 2018 mamlaka ya Ubelgiji yalitamka kwamba makasha ya namna hiyo yanaingia katika sheria ya kamari. Wauzaji wangependa tuyaite "makasha ya zawadi", lakini zawadi hainunuliwi. Twapendekeza "kasha la kubahatisha", ili neno la sheria yetu limwonye mnunuzi kabla hajalipa.

6. Istilahi zinazopendekezwa

Mchezo wa video: mchezo unaoendeshwa kwa programu na kuonekana katika kioo cha chombo.
Mchezo wa mmoja: ambao mchezaji hushindana na programu tu.
Mchezo wa wengi: ambao watu wawili au zaidi hucheza pamoja, kwa ushindani au kwa ushirika.
Mchezo wa wengi mtandaoni: mchezo wa wengi ambao wachezaji wameunganishwa na mtandao.
Ukawiaji: muda unaopita baina ya tendo la mchezaji na jibu la seva.
Kasha la kubahatisha: bidhaa ya kulipia ambayo yaliyomo hayajulikani mpaka ifunguliwe.
Mchezo wa kubahatisha: libaki kwa kamari peke yake.

Maneno haya yote yametokana na Kiswahili kilicho midomoni mwa watu, kama utaratibu wa kuunda istilahi unavyotaka tutazame kwanza nyumbani kabla ya kukopa. Hata hivyo, istilahi haiishi kwa sababu imepangwa vizuri. Neno "kishikwambi" lilionekana geni hadi sensa ya mwaka 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba nalo mkononi, kitu na jina lake vikafika pamoja. Istilahi hizi nazo zitaishi iwapo mwongozo wa afya, mtaala wa shule na muswada wa sheria vitazitumia kwa maana moja. Wasomaji wenye maneno yaliyo bora wanaombwa wayalete, yapimwe.