Wimbo Hubebaje Maana? (Sehemu ya Tatu): Mahadhi ya Kanisa, Maneno ya Ardhi

Sehemu mbili za kwanza zilitukalisha Ulaya, na huenda msomaji amechoka. Leo tunahamia mlimani. Ila kabla ya kufunga mizigo nachukua dai moja kutoka kule, maana tutalihitaji njiani. Mwaka 1854 mhakiki wa Vienna, Eduard Hanslick, aliandika kwamba muziki wenyewe hausimulii huzuni wala furaha. Ni sauti zinazokwenda kwa mpangilio. Ushahidi wake mmoja ulikuwa wimbo wa Orpheus akimlilia mkewe katika opera ya Gluck ya 1762. Geuza maneno, umfanye Orpheus ashangilie kwamba amempata mke, na mahadhi yale yale yatayapokea bila ubishi. Basi kilio kilikuwa cha maneno, si cha mahadhi.

Hoja hii ina nguvu mpaka uifikishe Karatina.

Mji huo wa soko ulio chini ya Mlima Kenya ndiko Gakaara wa Wanjau alikoendesha kazi yake ya kuandika na kuchapa vitabu kwa miaka mingi. Alizaliwa 1921, akakulia karibu na misheni ya Wapresbiteri wa Scotland pale Tumutumu. Kijitabu chake kimoja cha siasa, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika, alikiandika kwa Kiswahili. Mwaka 1952 akachapisha kitabu cha nyimbo za Kigikuyu zilizodai ardhi na uhuru, na hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba mwaka huo alikuwa miongoni mwa waliokamatwa.

Nyingi kati ya nyimbo za siasa za wakati ule zilitiwa kwenye mahadhi ya kanisani, yale ambayo watu walikuwa wameyazoea katika Nyimbo cia Kũinĩra Ngai, kitabu cha nyimbo cha Wakristo wa Kigikuyu. Louis Leakey, Mwingereza aliyezaliwa Kabete na kukijua Kigikuyu tangu utotoni, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha 1954. Afisa asiyejua lugha alipita karibu na mkutano, akasikia mahadhi ya ibada, akaendelea na safari yake akiamini kwamba watu wanamsifu Mungu.

Wengi huishia hapo na kucheka: mahadhi yalikuwa maficho, kama koti la kumpita askari getini. Mimi nadhani kujificha kulikuwa faida ndogo kabisa. Mtu aliyeimba wimbo kama huo mwaka 1952 alikuwa ameuimba kwa maneno mengine alipobatizwa, alipoozesha, na hasa alipozika. Mwili wake ulikwisha kujua wapi pa kuvuta pumzi, wapi sauti nzito za wanaume huingia, wapi kusanyiko zima hupanda pamoja. Maneno mapya yalipoingia yakakuta nyumba yenye watu. Jina la kiongozi wa siasa lilikaa pale pale lilipokuwa jina la Mwokozi. Shamba lililochukuliwa likakaa mahali pa nchi ya ahadi. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba jambo hili ni zito na halivunjiki kama agano. Mahadhi yalikwisha kusema hivyo kabla ya neno la kwanza kutamkwa.

Hapo ndipo Hanslick anapopungukiwa. Ni kweli mahadhi hukubali maneno mapya. Lakini hayasahau ya zamani, na msikilizaji hupokea yote mawili kwa pamoja. Maana huzaliwa katika mgusano huo, katika umbali kati ya kile sikio linachokitazamia na kile linachopewa.

Tuzilinganishe nyimbo hizo na wimbo uliozitangulia kwa zaidi ya miaka 20. Muthirigu ulivuma mwishoni mwa 1929, wakati wa mgogoro wa makanisa na Wagikuyu kuhusu ukeketaji wa wasichana, na serikali ya kikoloni ikaupiga marufuku mapema 1930. Huu haukuazima utakatifu wa mtu. Ulikuwa wimbo wa ngoma: ubeti mfupi, mwendo usiobadilika, na nafasi wazi kwa yeyote mwenye tusi jipya la kumtupia mmisionari au chifu. Nguvu yake ilikuwa dhihaka na wingi wa watungaji, kwa hiyo serikali haikuwa na mwandishi mmoja wa kumfunga. Kigikuyu ni lugha ya toni, na wimbo wa kienyeji hupenda kupanda na kushuka pamoja na neno. Tusi linafika likiwa zima, wakati wimbo wa kanisa uliotafsiriwa mara nyingi hulivuta neno juu pale linapotaka kushuka.

Joseph Kamaru, mzaliwa wa Kangema kule Murang'a, alijua kuzitumia njia zote mbili. Mwaka 1969 alitoa Ndari ya Mwarimu, wimbo kuhusu mwalimu anayemtaka kimapenzi mwanafunzi wake. Walimu walikasirika kiasi cha kutishia kugoma. Kwa nini wagomee santuri? Lawama kama ile ikitoka kwa mzee wa kanisa, mtu huinamisha kichwa na kungoja ipite. Kamaru aliiweka juu ya gitaa la kuchezea, na kila aliyeinuka kucheza akawa anaibeba. Furaha ya miguu haikupunguza uchungu wa shutuma; iliusambaza. Mwaka 1975, baada ya kuuawa kwa mbunge J.M. Kariuki, mwanamuziki huyo huyo alitoa wimbo wa kumwombolezea, na watu waliokuwa wakimfahamu kwa nyimbo za mapenzi wakajikuta wakisikiliza matanga.

Na fasihi isiyo na gitaa hufanyaje? Mlimani haikuwa mbali na muziki hata siku moja. Gĩcandĩ ni utungo mrefu wa mafumbo, na mwimbaji wake hutikisa kibuyu chenye mbegu ndani na alama zilizochorwa nje. Alama hizo humkumbusha mafumbo, na mshindani wake hupaswa kuyafumbua. Padri Vittorio Merlo Pick wa Shirika la Consolata aliuchapisha utungo huo pamoja na vitendawili mwaka 1973. Ngũgĩ wa Thiong'o akauingiza katika riwaya: Caitaani Mũtharabainĩ, iliyotoka 1980, inasimuliwa na mpiga gĩcandĩ. Ngũgĩ alieleza jinsi kitabu kilivyosomwa kwa sauti majumbani na hata baa, ambako msomaji hodari alifika penye utamu, akanyamaza, akakitazama kikombe chake kitupu. Wasikilizaji wakakijaza, naye akaendelea. Katika nota za muziki kuna alama ya kunyamaza, na mpigaji mzuri huipiga kwa uangalifu sawa na sauti. Wale wasomaji wa baa waliijua bila kusomea, na bia wakapata.

Gakaara mwenyewe, akiwa kizuizini, aliandika kumbukumbu zilizotoka 1983 kwa jina Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ na kushiriki Tuzo ya Noma ya 1984. Nyimbo za 1952 zilitaka kuinua watu. Shajara hii inahesabu siku, kambi na kazi. Aliyezoea moto wa nyimbo anaweza kuiona kavu. Mimi naiona kama kazi yake kubwa zaidi, maana haimwambii msomaji alie wapi.

Leo mahadhi ya kanisani yamerudi baa. Katika mugithi, muziki wa mwimbaji mmoja na gitaa lake ambao Mike Rua ni miongoni mwa waliouvumisha, wachezaji hushikana viunoni kama mabehewa ya treni, na usiku ukikomaa wimbo wa ibada hupewa maneno yasiyoandikika gazetini. Wazee wa kanisa wa Nyeri na Nanyuki wanaokasirika hawajakosea kusikia. Mahadhi yangekuwa chombo kitupu, kama alivyotaka Hanslick, kusingekuwa na cha kukasirikia, wala wachezaji wasingekuwa na cha kuchekea.

Sehemu ya nne itahusu ngoma ya mwomboko, kodioni na ile pete ya chuma iitwayo karing'aring'a. Mpaka hapo nina ombi kwa wasomaji wa Karatina, Othaya na Mukurwe-ini. Aliye na santuri za zamani au vijitabu vya Gakaara asivitupe wala asivitumie kufungia sukari. Andika jina la mwimbaji, mwaka kama unaujua, na wimbo wa kanisa ulioazimwa mahadhi, kisha uwaulize watu wa Jumba la Makumbusho la Nyeri, Ruring'u, namna ya kuvihifadhi. Jina la wimbo huo wa kanisa ndilo linalopotea upesi zaidi, kwa sababu haliandikwi kwenye jalada.