Wavu wa Tundu la Hewa Uliotoboka

Ndugu mkulima, toka nje kidogo. Simama chini ya upenu wa nyumba yako, uangalie ule ubao wa dari unaoziba nafasi iliyopo kati ya ukuta na ukingo wa bati. Nyumba nyingi za bati, kuanzia Ujiji, Mwanga na Gungu hadi vijiji vya ufukweni, zimeachiwa matundu ya hewa mahali hapo, na juu ya tundu umepigiliwa wavu wa waya. Je, wavu wako ni mzima? Kama umeliwa na kutu au unaning'inia upande mmoja, nyumba yako imepata mlango wa pili, na mlango huo haufungwi usiku.

Mbu waenezao malaria wanaujua sana. Njia yao kubwa ya kuingilia ndani ni uwazi wa chini ya paa. Panya naye hufuata mahindi na maharage uliyoyaweka chumbani. Popo akihamia, kinyesi chake hurundikana darini, na vumbi lake likivutwa puani huweza kudhuru mapafu.

Wako wanaoziba tundu hilo kwa matambara au udongo, wakasema kazi imekwisha. Hapana, ndugu yangu! Tundu lile halikuwekwa kwa urembo. Bati hupata joto kali mchana. Usiku likipoa, unyevu wa hewa iliyomo ndani hugeuka matone upande wa chini wa bati. Hewa isipopita, matone hayo huozesha kenchi na dari, na yakidondokea magunia, mahindi huota kuvu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kwa hiyo tundu libaki wazi, wavu ndio ubadilishwe.

Fanya kazi hii kiangazi, Agosti au Septemba, kabla mvua hazijaanza. Ikiwa mna popo, ngoja jioni watoke wote ndipo ufunge. Ukifunga mchana watafia ndani, na harufu yake utaijua. Ukisikia vilio vya watoto wa popo, subiri wakue waruke. Usimshike popo kwa mkono mtupu.

Jambo jingine: katika nyumba za zamani dari la nje huweza kuwa la asbesto, lile bamba gumu la kijivu linalofanana na saruji. Hilo usilikate kwa msumeno wala kulitoboa, maana vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Tafuta fundi anayelifahamu.

Kama dari ni la mbao, funga kitambaa puani, mtu akushikie ngazi. Ng'oa misumari ya wavu wa zamani polepole, usije ukapasua ubao. Kisha choma ubao pembeni mwa tundu kwa bisibisi. Ikizama kwa urahisi, ubao umeoza. Kata sehemu hiyo upachike kipande kipya, kwani msumari hauwezi kushika mbao iliyooza.

Nunua waya mgumu usioshika kutu upesi, wenye matundu yasiyozidi milimita 6. Wavu wa banda la kuku haufai, mtoto wa panya anapita bila taabu. Wavu wa dagaa nao, ambao hapa kwetu haukosekani, panya huutafuna usiku mmoja. Kata waya uzidi tundu kwa sentimita 3 kila upande. Juu yake tandika wavu laini wa kuzuia mbu, ule wa madirishani. Waya mgumu uelekee chini, nje, kwa sababu panya anapanda ukutani na meno yake yanaanzia huko. Bana kingo zote kwa fito nyembamba za mbao, ukikaza kwa skrubu, ili siku nyingine ufungue bila kubomoa.

Fito zipake rangi ya mafuta. Usipake mawese hata kama yamejaa nyumbani, panya atakushukuru. Ukimaliza, kagua pia uwazi wa mtambaapanya, kwani mbu akikosa hapa atapita pale, na chandarua kitandani kisitolewe. Wavu laini hushika masizi na vumbi. Usugue kwa brashi kavu kila kiangazi, upepo wa ziwani upate kupita.