Nyama Kavu ya Bata Mzinga

Wazee husema ya kuwa akiba haiozi. Walakini nyama ni akiba iozayo: ikilala siku moja katika joto huanza kunuka, na siku ya pili hutupwa. Ndiyo sababu tangu zamani watu wa nchi nyingi wametafuta njia ya kuitunza, na mojawapo ya njia za kale kabisa ni kuikausha. Mwezi huu twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za nyama kavu ya namna moja, yaani nyama ya bata mzinga iliyokatwa vipande vyembamba, ikatiwa chumvi na viungo, kisha ikakaushwa ili itafunwe hivyo hivyo, njiani au kazini. Ni chakula kizuri, chenye nguvu nyingi katika uzito mdogo. Lakini kina mambo mawili ambayo sharti kila nyumba iyajue kabla ya kuwapa watoto, nayo ni chumvi yake, na moto wake.

Asili yake

Bata mzinga ni ndege wa Amerika. Watu wa kale wa Meksiko ndio waliomfuga zamani sana, kabla Mzungu hajaiona nchi ile, na Wahispania walimchukua mpaka Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1500. Kukausha nyama nako ni kazi ya kale huko. Katika milima mirefu ya Andes, katika nchi ya Peru na jirani zake, watu wasemao Kiquechua walikausha nyama ya llama kwa jua la mchana na baridi kali ya usiku, wakaiita ch'arki. Wahispania walilichukua neno lile, na kutoka kwao likaingia katika Kiingereza, likawa jerky, jina ambalo Wamarekani wanaliita nyama kavu mpaka leo. Kaskazini zaidi, wenyeji wa nyanda za Amerika waliikausha nyama ya nyati wa kule, wakaitwanga, wakaichanganya na mafuta yaliyoyeyushwa, pengine na matunda ya mwitu. Chakula hicho, pemmican, kiliwalisha wasafiri na wafanya biashara ya ngozi kwa safari za miezi mingi.

Sisi wa Afrika si wageni wa jambo hili. Afrika ya Kusini wana biltong yao, na kaskazini mwa Kenya wafugaji wana nyirinyiri, yaani nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa, kisha ikahifadhiwa ndani ya mafuta. Basi msomaji asidhani ya kuwa twamletea jambo la ajabu. Ndege ndiye mgeni, lakini kazi yenyewe mababu waliijua.

Kwa nini bata mzinga? Kwa sababu kidari chake ni kikubwa, chakatika vizuri kwa vipande virefu, na nyama yake nyeupe ina mafuta machache sana. Jambo hili la mafuta ni kubwa katika kukausha, maana maji hutoka katika nyama lakini mafuta hayatoki. Hubaki, na baada ya muda huchacha, nyama ikaharibika ladha na harufu. Tena wako watu wasiokula nguruwe wala ng'ombe, nao hupata katika bata mzinga nyama kavu wasiyoikataa.

Nguvu iliyomo

Nyama mbichi ya kidari cha bata mzinga, katika kila gramu 100, ina maji kama gramu 75, na protini, yaani kile kijengacho mwili, kama gramu 24. Ukiikausha, maji ndiyo yaondokayo, na protini hubaki. Kwa hiyo nyama mbichi kilo 3 hurudi kuwa kama kilo 1 tu. Walimu waweza kulifanya jambo hili kuwa somo la hesabu: pimeni kipande cha nyama kabla ya kukausha na baada yake, watoto watafute ni sehemu gani ya uzito iliyokuwa maji. Huko Marekani serikali imeweka kanuni ya kuwa nyama iuzwayo kwa jina la jerky, maji yaliyobaki ndani yake yasizidi robo tatu ya uzito wa protini yake.

Katika pakiti za dukani, kipande cha gramu 28, nacho ndicho kipimo wanachokiandika watengenezaji wengi, huwa na protini kama gramu 10 au zaidi kidogo. Yai moja la kuku lina kama gramu 6. Basi kipande kile kidogo kinakaribia mayai mawili. Kingekuwa na protini zaidi, lakini watengenezaji wengi hutia sukari pamoja na chumvi, navyo hushika sehemu ya uzito.

Hata hivyo tusikipe chakula hiki sifa kisizo nazo. Nyama kavu haina vitamini C, haina nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo kufanya kazi yake, na nyama nyeupe ya kidari ina madini ya chuma machache kuliko nyama ya ng'ombe. Mtoto aliyeshiba nyama kavu peke yake hajala vizuri. Ni kitoweo, ni kitafunio cha njiani. Hakishiki mahali pa mboga za majani, maharage na matunda.

Chumvi

Chumvi ndiyo iliyosaidia nyama isioze, nayo ndiyo iletayo ladha. Lakini ndiyo pia iletayo hatari ya kwanza. Shirika la Afya Duniani lashauri ya kwamba mtu mzima asile chumvi ya kufikia gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na watoto wapungukiwe zaidi. Kipande cha gramu 28 cha nyama kavu ya dukani mara nyingi huwa na chumvi ya gramu moja na robo hivi. Hiyo ni robo ya kipimo cha siku nzima. Mtu akimaliza pakiti ya gramu 85 barabarani, kama wafanyavyo wengi bila kufikiri, amekwisha kula robo tatu ya chumvi yake ya siku, na bado hajakaa mezani kula ugali na mchuzi wake.

Basi mwenye shinikizo la damu, au mwenye ugonjwa wa moyo au wa mafigo, na aseme na mganga wake kabla ya kukizoea chakula hiki. Na wote wanunuao, wasome maandiko ya pakiti. Panapoandikwa sodiamu kwa miligramu, zidisha kwa mbili na nusu, utapata uzito wa chumvi: sodiamu miligramu 500 ni chumvi miligramu 1,250, ndiyo gramu moja na robo tuliyoitaja.

Liko neno jingine. Katika mwaka wa 2015 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wachunguzao saratani walitangaza ya kuwa nyama zilizotiwa chumvi, dawa za kuhifadhi au moshi huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana. Na wakikadiria, walisema ya kuwa mtu alaye gramu 50 za nyama hizo kila siku, hatari yake huongezeka kwa asilimia 18 hivi. Nyama ya ndege haikutengwa katika neno hilo ikiwa imetengenezwa kwa njia hizo. Hii haina maana ya kwamba kipande kimoja ni sumu. Maana yake ni kwamba kiwe chakula cha mara moja moja, kisiwe cha kila siku.

Kukausha si kupika

Sasa twafika kwenye neno tunalotaka likae moyoni mwa kila mama na kila baba atakayejaribu kazi hii nyumbani: kukausha si kupika. Watu wengi hudhani ya kuwa nyama ikikauka, vijidudu vya ugonjwa vimekufa. Sivyo. Kukauka huvizuia kuongezeka, lakini huenda visife.

Sababu yake ni hii. Ukilowesha mkono kwa maji kisha ukaupepea, utaona baridi, kwa kuwa maji yakipanda hewani huchukua joto pamoja nayo. Ndivyo ilivyo kwa nyama. Hata hewa ya mashine ya kukaushia ikiwa na joto la nyuzi 60, kipande kinachotoa maji hubaki na joto pungufu kuliko hewa ile. Na wakati maji yanapokwisha na nyama kuanza kushika joto lenyewe, vijidudu vilivyosalia vimekwisha kukauka na kuwa vigumu, vikastahimili moto ambao ungaliviua hapo mwanzo.

Si maneno matupu. Mapema katika mwaka wa 1995, katika jimbo la New Mexico huko Marekani, watu 93 waliugua kwa vijidudu vya salmonela vilivyotoka katika nyama kavu ya ng'ombe iliyotengenezwa papo hapo jimboni. Na mwezi wa Novemba mwaka ule ule, katika jimbo la Oregon, watu 11 waliugua, 6 wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo na 5 wakidhaniwa, kwa sababu ya nyama ya mwitu iliyokaushwa nyumbani. Nyama ya ndege, kuku na bata mzinga, ndiyo yajulikanayo sana kwa kubeba salmonela. Basi hadhari yake na izidi.

Kwa hiyo idara ya kilimo ya Marekani hufundisha hivi: moto kwanza, kukausha baadaye. Nyama ya bata mzinga ipikwe kwa mvuke au iokwe mpaka ndani yake ifikie joto la nyuzi 74 za Selsiasi. Ndipo iwekwe katika mashine au oveni yenye joto la nyuzi 54 mpaka 60, ikae humo hata ikauke. Kipimajoto ndicho shahidi. Macho hudanganya, maana rangi ya nyama si alama ya kutosha.

Taratibu ya kazi ni hii. Nawa mikono kwa sabuni, na ubao na kisu vioshwe kabla na baada. Ondoa ngozi na mafuta yote. Kata vipande visivyozidi unene wa milimita 6; nyama ikiwa imeganda kidogo katika jokofu hukatika vizuri zaidi. Ukikata kwa kufuata nyuzi za nyama, kipande kitakuwa kigumu kutafuna. Ukikata kwa kuzikingama, kitakuwa laini. Loweka katika siki, kitunguu saumu, pilipili manga na chumvi kidogo, na ikilowa, ilale ndani ya jokofu, si juu ya meza. Kisha ipike hata ifikie joto tulilotaja, iache maji yachuruzike, ipange isigusane, ikaushe. Kipande kikipoa kikunje: kikipinda na kufanya nyufa bila kuvunjika, kimekauka vema.

Nyama ya ndege isianikwe juani ikiwa mbichi. Jua halifikii joto linalohitajiwa, nzi nao huileta taka, na pwani, ambako hewa ina unyevu, yaweza kuoza kabla ya kukauka. Nyama kavu ya nyumbani iwekwe katika chombo kikavu chenye kifuniko imara, mahali pa baridi pasipo mwanga, ikaliwe kabla ya mwezi mmoja au miwili kupita. Ukiona ukungu, usiukwangue, tupa yote.

Matumizi ya nyumbani

Mwenye safari ndefu, mchungaji wa ng'ombe, na mtu wa shamba la mbali hufaidiwa sana na kitafunio hiki, kwa kuwa hakihitaji moto wala sahani. Achukue na maji ya kunywa, maana chumvi huleta kiu, na ndizi au chungwa pamoja nacho.

Nyumbani chaweza kuwa kiungo cha chungu. Kikate vipande vidogo sana, kiloweke katika maji ya moto kama nusu saa, kisha kitie pamoja na maharage, kunde au wali unaochemka. Gramu 28 zaweza kuipa ladha sufuria nzima ya watu watano au sita, na chumvi nyingine haitiwi mpaka umeonja. Njia hii ndiyo tuipendayo kuliko zote, kwa kuwa chumvi ya kipande kimoja hugawanyika kwa wengi, na maharage hutoa nguvu ambazo nyama haina.

Watoto wadogo wasiotimiza miaka minne wasipewe kutafuna. Nyama hii ni ngumu, nao huweza kuimeza kabla haijalainika, ikawakaba koo. Mzee asiye na meno vile vile apewe iliyopikwa laini chunguni.

Basi, wapendwa, anayenunua na asome pakiti, na anayetengeneza asimwamini jua wala macho yake, bali apike kwanza. Yeye afanyaye hivyo atakuwa na akiba isiyooza, tena isiyoumiza nyumba yake.