Mkono Unaojua na Kichwa Kinachoingilia

Sogeeni, wanangu, niwasimulie habari za Matthew Syed, mchezaji wa mpira wa meza wa Uingereza. Nitawapa visa vyake viwili, na katika vyote viwili anashindwa. Msimcheke, maana humo ndimo mtakapoona jinsi kichwa na mkono vinavyogawana kazi.

Mwaka 1978 wazazi wake walinunua meza wakaiweka gereji, nyumbani kwao katika mji wa Reading. Syed na nduguye wakaizoea meza hiyo tangu utotoni, wakacheza na kucheza. Miaka ikapita, mtoto yule akawa namba moja nchini kwake na bingwa wa Jumuiya ya Madola.

Sasa sikilizeni kisa cha kwanza. Alikutana na Michael Stich, Mjerumani aliyetwaa ubingwa wa tenisi wa Wimbledon mwaka 1991. Syed akajipima: meza ninayochezea ina urefu wa mita 2.74 tu, na mipira ya kasi nairudisha kila siku. Uwanja wa huyu una mita 23.77. Mpira utoke mbali kote huko, unishinde? Akamwomba Stich amwanzishie mpira kwa nguvu zake zote. Stich akaurusha juu, akaupiga. Mpira ukampita Syed angali amesimama palepale.

Je, macho yake yalikuwa mazito? Hata kidogo. Ila bingwa hangoji mpira umfikie ndipo aamue. Anamsoma mpinzani: bega limegeukia wapi, kiwiko kimepanda kiasi gani, raketi imelala au imesimama. Mpira haujaguswa bado, naye mguu umeshaanza kusogea. Syed alikuwa hodari wa kusoma mkono ulioshika raketi ndogo ya mezani. Mwili wa Stich ulikuwa kitabu asichowahi kukifungua.

Basi, wanangu, ile silika tunayoisifu kwa wachezaji wakubwa hawakuzaliwa nayo. Ni mazoezi ya miaka mingi yaliyozama mwilini.

Na ni lazima yazame, kwa sababu muda wa kufikiri haupo. Mpira uliopigwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa unaweza kuvuka urefu wa meza kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mtu akiambiwa abonyeze kitufe pindi aonapo taa ikiwaka, hutumia kama sehemu mbili za kumi. Ukianza kujiuliza "niupige hivi au vile?", pointi imeshahesabiwa.

Tutazame jambo moja kwa karibu. Mpinzani anaanzisha. Kanuni inamtaka auweke mpira juu ya kiganja kilicho wazi, kisha aurushe juu sentimita 16 au zaidi. Unaposhuka, raketi yake inapita chini ya mpira na kuukwangua. Mpira huo unakuja ukizunguka kinyumenyume. Ukiupiga bapa utazama wavuni, kwa hiyo uso wa raketi yako uelekee juu kidogo. Lakini akiukwangua kwa kupandisha mkono, mpira utaruka mbele kwa hasira, nawe huna budi kuulaza uso wa raketi. Anayejifunza huyasema haya moyoni mojamoja, tena kwa shida. Mzoefu hasemi neno, raketi imeshageuka.

Kisa cha pili ni cha Sydney, kwenye Olimpiki ya mwaka 2000. Syed alikuwa amejiandaa vizuri mno. Lakini siku ya mechi, mbele ya umati, mikono ilimkakamaa na miguu ikawa mizito. Mipira aliyokuwa akiirudisha tangu utotoni ikamshinda, akafungwa vibaya. Baadaye alieleza katika kitabu chake yaliyompata: kwa kuogopa kukosea, alianza kuusimamia mkono wake kama mtu anayejifunza upya. Mfuate mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani, umwambie achunge kila hatua jinsi shingo yake inavyokaa. Hafiki mbali kabla maji hayajamwagika.

Mwanasaikolojia Sian Beilock na wenzake walilipima jambo hili kwa wacheza soka. Waliwaambia wapige chenga kati ya vizuizi huku wakifuatilia ni upande gani wa mguu unaogusa mpira. Wazoefu wakaharibu. Wanaoanza, kwa upande wao, walifaidika na kuuangalia mguu. Kwa hiyo anayekwambia "usifikiri, cheza tu" kakupa nusu ya ukweli. Kama bado unajifunza, fikiri. Fikiri mazoezini, polepole, jambo moja kwa wakati, mpaka mkono ulishike.

Hata kwenye mechi kichwa kina zamu yake, na kanuni za mchezo zinakipa nafasi. Baada ya kila pointi 6 unaruhusiwa kujifuta jasho kwa taulo. Kati ya seti na seti kuna dakika moja ya kupumzika. Unaweza pia kuomba mapumziko ya dakika moja, mara moja katika mechi. Hapo ndipo pa kujiuliza: mwenzangu anaumia upande gani? Mpira mfupi anaupenda? Nianzishe wapi? Na iwapo zamu ya kuanzisha ni yako, shika mpira, amua unakotaka uende, ndipo uurushe.

Ukisharushwa, maswali yaishe. Utazame mpira na raketi ya mpinzani, mengine uuachie mkono. Ukikosa, usianze kuukagua mkono huku mechi inaendelea. Kama kuna kosa, lisubiri kesho mazoezini. Maana mkono hautoi ila ulichowekewa. Kwa hiyo, mwanangu, anayetaka kucheza bila kufikiri siku ya mechi, afikiri sana siku zote nyingine.