Rahisi ilivyovunja upishi wangu wa miaka tisa

Wahenga walinena kwamba rahisi huvunja upishi. Methali hii nimeifundisha mara nyingi, nikiwachambulia wanafunzi maana yake ya wazi na ya ndani. Sikudhani kuwa siku moja ningeifasiri kwa hasara yangu mwenyewe.

Asubuhi moja niliwasha tarakilishi yangu ili niendelee na kazi iliyonichukua miaka tisa: kukusanya masimulizi ya wazee wanaozungumza Kivumba, lahaja ya Kiswahili inayosemwa Vanga, Wasini na vijiji jirani katika pwani yetu ya kusini. Kila faili niliyojaribu kuifungua ilikataa. Majina ya faili hizo yalikuwa yameongezewa herufi nne za ajabu mwishoni, na katika kila kabrasha palikuwa na barua fupi ya Kiingereza. Barua hiyo ilinijulisha kwamba faili zangu zimesimbwa, yaani zimegeuzwa maandishi ya siri, na kwamba ufunguo wa kuzifungua unauzwa dola 980 za Kimarekani. Endapo ningewahi kabla ya saa 72 kupita, ningepunguziwa nusu na kulipa dola 490. Wezi walikuwa wakinipunguzia bei kama wachuuzi wa mitumba!

Uhalifu huu bado haujapata jina moja linalokubaliwa na wote katika Kiswahili. Mimi nitaviita virusi vya kikomboleo, ijapokuwa si vyote vinavyoenea vyenyewe kama virusi halisi. Kikomboleo ni mali itolewayo ili mateka aachiliwe. Inasikitisha kwamba mzizi uliotuzalia maneno matukufu kama ukombozi na mkombozi umelazimika kubeba mzigo huu. Hata hivyo, jina hili linafaa. Mwizi wa kawaida huondoka na mali yako, ilhali huyu huiacha mumo humo nyumbani kwako, ila kufuli ni lake na ufunguo anao yeye.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya jana. Mnamo mwaka wa 1989, takriban disketi 20,000 zilitumwa kwa posta katika nchi mbalimbali, zikidaiwa kuwa na maelezo kuhusu ugonjwa wa ukimwi. Aliyeshtakiwa kwa kuzisambaza alikuwa Joseph Popp, mwanabiolojia Mmarekani aliyewahi kufanya utafiti kuhusu nyani huku kwetu Afrika Mashariki. Programu iliyokuwamo ilijificha na kuhesabu kila mara tarakilishi ilipowashwa. Hesabu ilipofika mara 90 hivi, ilivuruga majina ya faili na kudai dola 189 zitumwe kwa sanduku la posta nchini Panama. Siri yake ilikuwa dhaifu, na wataalamu hawakukawia kuifumbua.

Virusi vya leo havifumbuliki hivyo. Vingi hutumia hisabati ya funguo mbili: mmoja wa kufunga na mwingine wa kufungua. Ule wa kufunga huja na kirusi, na ule wa kufungua hubaki kwa mhalifu. Wataalamu wawili, Adam Young na Moti Yung, walionya kuhusu hatari hiyo mapema mwaka wa 1996. Miaka ikapita, na onyo likawa biashara.

Je, virusi hivi huingiaje? Njia zipo tatu kuu. Ya kwanza ni barua-pepe yenye kiambatisho au kiungo cha hila, aghalabu ikijifanya ankara au waraka wa ofisi. Ya pili ni dosari katika programu zenyewe. Tarehe 12 Mei, 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kilivamia tarakilishi zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na hospitali nyingi za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Kinaya ni kwamba kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba dosari hiyo tangu mwezi wa Machi mwaka huo. Walioumia wengi ni wale ambao hawakuwa wamekitia.

Njia ya tatu ndiyo iliyoniponza: programu za kulipiwa zilizovunjwa kufuli na kugawanywa bure. Nilihitaji programu fulani ya kusafisha sauti za kanda zangu, na bei yake ilinikera. Nikaitafuta ya bure nikaipata. Maagizo yake yalinitaka niizime kwanza programu inayokinga virusi, kwa kuwa eti ingeleta usumbufu. Nami, mtu mwenye shahada ya uzamifu, nikaizima! Mlinzi aliyekuwa akinionya nilimfukuza langoni kwa mkono wangu. Baadaye kidogo kiwambo kilionyesha kwamba mfumo wa Windows unajisasisha, nikaondoka kwenda kuchemsha chai. Ule ulikuwa uongo. Nyuma ya picha ile kirusi kilikuwa kikizifuta nakala ambazo mfumo hujiwekea, kisha kikawa kinafunga faili moja baada ya nyingine. Diski yangu ya nje, niliyokuwa nimehifadhi nakala za akiba, ilikuwa imechomekwa ubavuni. Nayo haikusalimika.

Nilinusuriwa na kijana niliyewahi kumfundisha, ambaye sasa ni fundi wa mitambo hii. Aliyonifunza ndiyo ninayotaka kuwapokeza walimu na wanafunzi wenzangu.

Kwanza, kata mawasiliano. Chomoa waya wa mtandao, zima intaneti isiyo na waya, na uondoe kila flashi na diski, ili kirusi kisivukie tarakilishi nyingine za shule au idara. Pili, piga picha ya barua ya wahalifu na uzinakili faili zilizofungwa, kwani huenda ufunguo ukapatikana miaka ya usoni. Tatu, usikimbilie kulipa. Hakuna hakika kwamba mwizi atatimiza ahadi, na pesa zako ndizo mtaji wa kumteka mwenzako kesho.

Nne, king'oe kirusi chenyewe. Programu nzuri ya kukinga virusi huweza kukiondoa, lakini njia ya kuaminika zaidi ni kufuta diski yote na kuweka mfumo upya. Hapa wengi hukosea: kukiondoa kirusi hakufungui faili. Kumfukuza mwizi ni jambo moja, kulifungua kufuli alilolitia ni jambo jingine. Kwa hilo la pili, upo mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka wa 2016 na polisi wa Uholanzi, shirika la Europol na kampuni mbili za usalama wa tarakilishi. Mradi huo hutoa bure funguo za aina nyingi za virusi hivi, ingawa si za zote. Jihadhari na matapeli wanaouza funguo bandia. Tano, badilisha nywila zako zote ukitumia tarakilishi nyingine iliyo safi, maana kirusi cha aina yangu aghalabu huandamana na kijasusi cha kuiba nywila. Sita, piga ripoti. Nchini Kenya tunayo sheria ya uhalifu wa tarakilishi na mitandao tangu mwaka wa 2018, lakini sheria haimkamati asiyeripotiwa.

Ufunguo wa faili zangu haukupatikana. Hata hivyo, kijana yule aligundua jambo. Kirusi kilichonivamia kina pupa: ili kimalize kazi upesi, husimba takriban kilobaiti 150 za mwanzo za kila faili na kuacha zilizosalia. Insha na jedwali ni faili ndogo, kwa hiyo humezwa nzima au huharibika kiasi cha kutosomeka. Sauti niliyorekodi bila kuibana ni faili kubwa mno, na kilobaiti hizo hazizidi sekunde mbili za usemi. Alizitengeneza faili zile moja moja kwa siku kadhaa.

Basi sauti za wazee ninazo, lakini nakala zangu za maandishi, maelezo na faharasa yangu ya maneno vimepotea vyote. Kila simulizi sasa huanzia katikati ya salamu. Mzee mmoja wa Wasini, aliyekuwa na desturi ya kunitaja kwa jina kabla ya kuanza, sasa huanza pasipo kunitaja. Ameshafariki, na jina langu kinywani mwake sitalisikia tena. Hilo nililipoteza kwa kukwepa bei ya programu.

Walimu wenzangu, hatuwezi kumwadhibu mwanafunzi aliyeiba aya mbili za insha, kisha tukaisahihisha insha hiyo kwa programu ya wizi. Wala hatuna udhuru wa umaskini. LibreOffice huandika, Audacity husafisha sauti, na ELAN na Praat huchanganua usemi. Zote ni za bure, na ni za halali.

Methali nyingine husema akiba haiozi. Naam, lakini akiba iliyofungwa pamoja na mali yenyewe huteketea nayo. Weka nakala tatu za kazi yako, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyumba yako. Ukimaliza kunakili, chomoa diski uiweke kabatini. Wewe mwanafunzi unayeandika tasnifu, usingoje wiki ya kuiwasilisha. Fanya hivyo leo jioni.

Mimi nimerudi kwenye kanda ya kwanza. Ninaandika upya, neno baada ya neno, kazi niliyokwisha kuimaliza.