Mama mjamzito na bima ya kazini: Ya kuuliza kabla ya kutia saini

Leo tuweke kando mambo ya minyoo na maji ya kuchemsha, tuzungumzie karatasi. Ninayokusudia ni ile fomu ya bima ya afya ambayo mwajiri humpa mfanyakazi anapoanza kazi, au mwaka wa bima unapoanza upya, ili achague mpango anaoutaka na aandike majina ya wategemezi wake. Wengi huijaza wakiwa wamesimama, na aghalabu hutazama kitu kimoja tu, nacho ni kiasi kitakachokatwa kwenye mshahara.

Usiku mmoja nikiwa zamu aliletwa dada mmoja mwenye mimba ya kwanza, wiki ya 38. Presha ilikuwa juu sana, kichwa kinamuuma, macho yanaona ukungu, na mkojo ulipopimwa ulikuwa na protini. Hizo ni dalili za kifafa cha mimba, na ikabidi afanyiwe upasuaji usiku uleule. Mumewe akatoa kadi. Kadi ilikuwa hai na jina ni lake, lakini mpango aliouchagua ulikuwa na kikomo cha uzazi kilichotosha kama nusu tu ya gharama. Alhamdulillah, upasuaji haukusubiri pesa, na mama na mtoto walitoka salama. Lakini yule bwana alikaa miezi mingi akilipa deni. Baadaye aliniambia kuwa mpango wa juu yake ungemkata pesa kidogo tu zaidi kila mwezi.

Basi, dada uliye mjamzito, au wewe mume unayejaza fomu kwa niaba ya mkeo, anza na kalenda. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha rudi nyuma miezi 3. Aliyeona hedhi tarehe 10 Aprili atarajie kujifungua karibu na tarehe 17 Januari. (Wanaohesabu kwa miezi ya mwandamo wakumbuke kuwa siku 280 za mimba ni miezi tisa na nusu hivi, si tisa kamili.) Ukishaijua tarehe hiyo, muulize afisa utumishi mwaka wa bima yenu unaisha lini. Kama unaisha Desemba nawe unajifungua Januari, bima itakayolipia uzazi ni ile ya mwaka mpya, na mafao yake huenda yakawa tofauti na ya mwaka huu.

Swali linalofuata ni la kipindi cha kusubiri. Makampuni mengi ya bima hayalipii uzazi mpaka ipite miezi kadhaa tangu mtu aandikishwe, mara nyingi miezi 9 hadi 12, hasa kwa anayejikatia bima mwenyewe. Katika bima ya kundi inayokatwa na mwajiri sharti hilo mara nyingi huondolewa, lakini si kila mara. Usikubali kujibiwa “itakuwa sawa tu”. Omba uoneshwe maneno yenyewe kwenye mkataba. Na usiifiche mimba ukidhani utapita bila kuonekana. Tarehe ya kwanza ya kliniki imeandikwa kwenye kadi yako ya wajawazito, na atakayekagua madai ataiona.

Tuje kwenye kikomo, ambapo ndipo penye kazi. Bima nyingi za makampuni binafsi huweka kiwango maalumu kwa ajili ya uzazi, nacho ni kidogo kuliko kile cha kulazwa kwa maradhi mengine. Mtu huona kwenye fomu “kulazwa: shilingi milioni 20” akafurahi, asijue kwamba uzazi una mstari wake chini kabisa. Tena uliza kama mahudhurio ya kliniki yanakatwa kwenye kiwango hichohicho au kwenye fungu la wagonjwa wa nje. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonane na mhudumu wa afya angalau mara 8, kuanzia kabla ya wiki ya 12, na apigwe ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Ongeza vipimo vya damu, mkojo, kaswende, kundi la damu, na dawa za kuongeza damu.

Tuchukue mfano. Tuseme kikomo cha uzazi ni shilingi 1,500,000, na kliniki pamoja na vipimo vimekula 450,000. Zimebaki 1,050,000. Ukijifungua kawaida huenda zikatosha. Ukifanyiwa upasuaji na bili ikawa 2,400,000, unadaiwa 1,350,000 nawe bado una mshono tumboni. Sasa tuseme mpango wa juu unakatwa 40,000 zaidi kwa mwezi, yaani 480,000 kwa mwaka, na kikomo chake kinamaliza bili hiyo. Linganisha mwenyewe. Mimi nasema hivi: mpango wa mjamzito upimwe kwa uzazi ule usioutarajia. Kuna ambao hatari yao inaonekana mapema, kama aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, mwenye presha au kisukari, na ambaye kondo la nyuma limekaa chini. Hao wasisite. Lakini yule dada niliyemtaja hakuwamo hata katika kundi moja kati ya hayo.

Halafu tazama orodha ya hospitali. Usitazame wingi wake, tafuta ile ambayo unaweza kuifikia saa nane za usiku, yenye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi saa hizo na yenye damu ya akiba. Uliza pia kama upasuaji wa dharura unahitaji kibali cha kampuni kwanza, na nani anapokea simu usiku. Wenye kupendelea kuhudumiwa na mkunga au daktari wa kike wapige simu kuuliza zamu za pale. Na orodha hubadilika. Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) kwa kutokubaliana juu ya kitita kipya cha mafao. Kwa hiyo uwe na hospitali ya pili moyoni, na ujue njia ya kwenda hospitali ya serikali iliyo karibu, ambako sera inasema mjamzito asitozwe.

Hapa nina neno kwa ndugu zangu wenye wake zaidi ya mmoja. NHIF ilipoanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa serikali, kadi ilikuwa ya mwanachama, mwenza wake mmoja na wategemezi wasiozidi wanne. Makampuni mengi nayo yanaandika mwenza mmoja. Nimekutana na mama mdogo mwenye mimba ya miezi saba anayeamini ana bima, kumbe aliyeandikwa ni bi mkubwa. Kama mwajiri wako hakubali kuongeza jina, mke asiyekuwamo akatiwe yake mapema, kabla hata ya mimba, kwa sababu ya kile kipindi cha kusubiri. Wewe mwenyewe wajua uadilifu unadai nini.

Wapo wanaoogopa kuuliza kazini wasije wakafukuzwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya mimba. Inampa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mpigo, naye atoe taarifa miezi 3 kabla pamoja na cheti cha tabibu. Siku utakayopeleka cheti hicho ndiyo ya kuuliza habari za bima.

Najua nitaulizwa kuhusu hukumu ya bima yenyewe. Jopo la Kimataifa la Fiqhi lililokutana Jeddah mwaka 1985 lilizungumzia gharari iliyomo katika bima ya biashara, na likaikubali ile ya ushirika. Ufafanuzi nauacha kwa masheikh. Mimi ni tabibu.

La mwisho ni mtoto. Duniani takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa kabla ya wiki 37 kutimia, na njiti anaweza kulazwa wiki kadhaa kwenye chumba cha joto. Uliza: je, gharama zake zinatoka kwenye kikomo cha uzazi cha mama, au ana fungu lake? Na anatakiwa kuandikishwa ndani ya siku ngapi? Mipango mingi huweka muda mfupi, na ukipita unasubiri mwaka mpya wa bima. Kwa hiyo baba, ukishamwadhinia mwanao, chukua tangazo la kizazi pale wodini kabla hamjaruhusiwa, fuatilia cheti cha kuzaliwa RITA, na upeleke nakala kwa afisa utumishi wiki hiyohiyo. Mwambie akugongee muhuri wa kupokea.