Damu na Safari za Mababu (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika chembe nyekundu za damu. Leo tuziangalie jeni za globini zinazoiunda, na sababu ya kasoro zake kujaa Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria huku zikiadimika Kaskazini Mashariki.

Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanafunzi wa Oxford aliyekulia Kenya, alipima damu ya jamii nyingi za nchi hii. Karibu na bahari na ziwa, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba jeni moja ya selimundu, mojawapo ya kasoro hizo. Kwa jamii kadhaa za nyanda za juu na nchi kame, hawakufikia hata mmoja. Alishuku malaria, na mwaka 1954 akachapisha ushahidi: aliyeirithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja hukingika, aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huugua selimundu. Nyikani, ambako mbu ni wa msimu, kinga hiyo haikuhitajika sana. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipofurika, malaria ililipuka Wajir na kuwaangamiza watu ambao miili yao haikuizoea.

Lakini jeni huhama na watu. Visiwa vya Polynesia havina malaria, ila wenyeji wake wana alfa thalasemia, kasoro nyingine ya globini inayokinga dhidi ya malaria, kwa kuwa mababu zao walipitia Melanesia yenye malaria. Garissa, huku Kaskazini Mashariki, nayo ni njia panda: kuna jamii za Mto Tana, wafanyakazi kutoka Pwani na Nyanza, wakimbizi wa Dadaab tangu 1991, na ndoa zinazowaunganisha. Kwa hiyo mtoto mwenye maumivu ya mifupa na vidole vilivyovimba apimwe selimundu, awe wa kabila lolote. Kumwambia mama kwamba ugonjwa huo si wa huku ni kumdhulumu mtoto.

Alfa thalasemia hujificha zaidi. Huko Kilifi zaidi ya nusu ya watoto wanaibeba. Chembe zao huwa ndogo, kama za mtu aliyepungukiwa na madini ya chuma, na wengine hupewa vidonge vya kuongeza damu miezi mingi bila nafuu. Maabara ipime akiba ya chuma kwanza.

Wiki ijayo: watafiti wa Kilifi walionyesha mwaka 2005 kwamba anayerithi kasoro hizi mbili kwa pamoja hupoteza karibu kinga yote ambayo kila moja humpa mtu ikiwa peke yake.